Wifi yangu ananishindania kila kitu, nami nimeanza kukopa ili nisiachwe nyuma

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mama lishe, nina watoto wawili, naishi Mbagala na mume wangu ambaye ni fundi umeme. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alirudi kwa mama yao miaka mitatu iliyopita baada ya ndoa yake kuvunjika. Anauza vitenge Kariakoo. Tangu arudi ananishindania kila kitu. Nikinunua friji, yeye ananunua kubwa zaidi. Niliwahamishia watoto shule ya mchepuo wa Kiingereza, naye akamhamishia wa kwake yenye ada kubwa kuliko yangu, na kila tukikutana kwa mama mkwe anamwambia mwanawe aongee Kiingereza. Kwenye sendofu ya binti wa mama mkubwa alishika kipaza sauti akasema "wengine zawadi zao ni za kubahatisha", na mimi ndiyo kwanza nimetoka kukabidhi seti ya sufuria. Mama mkwe hunisifia mbele ya wote kwamba najua kupanga nyumba, na hilo nalo linamuudhi. Mwezi uliopita nilichukua mkopo wa kausha damu, laki tano, narejesha elfu sitini na tano kila Jumatatu kwa wiki kumi. Nikanunua kochi la kona ili anyamaze. Mume wangu hajui. Nikaweka picha ya kochi stetasi, nikawa nachungulia kila mara kama ameshaiona. Sasa Desemba kuna harusi ya mdogo wao na sare imepangwa laki mbili na nusu. Nimechoka. Mtu wa ligi namna hii nimfanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kabla sijamgusa wifi nitaanza na mkopo, maana wifi anaweza kusubiri, rejesho la Jumatatu halisubiri.

Umekopa 500,000 na utarudisha 650,000 ndani ya siku 70. Hiyo laki moja na nusu ya juu mama lishe anaitafuta kwa sahani nyingi sana za wali maharage. Mumeo akiamini nyumba ina akiba ambayo haipo, naye atapanga matumizi yake kwa hesabu ya uongo. Mwambie wiki hii, mkiwa mmeshakula na watoto wamelala. Usimwambie ndiyo kwanza anaingia mlangoni, wala usisubiri mpaka mkopeshaji apige hodi. Sema: "Mume wangu, nimekopa laki tano bila kukushirikisha, nimenunua kochi, nimebakiza wiki kadhaa, naomba tupange namna ya kulimaliza." Jina la wifi lisiwemo katika maneno hayo. Ukimtaja, mazungumzo ya deni yatageuka kuwa kesi ya dada yake, naye atalazimika kuchagua upande wakati ulichohitaji ni mtu wa kupiga naye hesabu.

Halafu angalia umekopa kwa nani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Kama uliyekopa kwake hakukupa hata karatasi ya mkataba, usichukue mkopo wa pili kwake ili kulipa wa kwanza, kwa sababu ndipo wanawake wengi wanapopoteza majiko, televisheni na amani ya ndoa. Akitishia kubeba vyombo, nendeni wewe na mumeo ofisi ya serikali ya mtaa kabla hajafika na bajaji ya kubebea.

Sasa wifi.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba binadamu ana hamu ya kujua uwezo wake umefikia wapi, na pale ambapo hakuna kipimo cha wazi hujipima kwa watu wengine, hasa wanaofanana naye. Hakuna mizani ya kukuambia kama wewe ni mama mzuri au kama maisha yako yamekwenda vizuri, kwa hiyo macho yanakwenda kwa aliye karibu. Utajiri wa Bakhresa haukukoseshi usingizi hata siku moja. Friji la wifi linakukosesha.

Baada yake mwanasaikolojia mwingine, Abraham Tesser, alichimba zaidi, na mimi kazi yake ndiyo hunisaidia kuliko nyingine yoyote ninapokaa na ndugu waliokosana. Alionesha kwamba mafanikio ya mtu wa karibu yanaweza kutufurahisha au kutuchoma, na kinachoamua ni kama amefanikiwa katika jambo ambalo sisi wenyewe tunajivunia. Mdogo wako akiwa hodari wa kuimba kaswida na wewe huimbi, utamtangaza mtaa mzima. Akianza kupika biriani linalosifiwa kuliko lako, wewe ambaye chakula ndiyo kazi yako, hapo moyo unasita. Mwaka 1980 Tesser na mwenzake walichapisha jaribio la mchezo wa kubahatisha maneno, mmoja anatoa dokezo na mwingine anatafuta neno. Watu walipoambiwa kwamba ni mchezo tu, waliwapa rafiki zao madokezo mepesi kuliko waliyowapa wasiowajua. Walipoambiwa kwamba mchezo unapima uwezo muhimu, waliwapa rafiki zao madokezo magumu kuliko ya wageni. Upendo ulikuwepo, ila ulizidiwa na hofu ya kupitwa na mtu wa nyumbani.

Rudi sasa kwenye barua yako uisome kwa jicho hilo. Wifi ni binti mkubwa wa nyumba ile. Aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi chini ya paa la mama yake, na unajua vizuri jinsi jamii yetu inavyomtazama mwanamke aliyerudi kwao. Akiwa katika hali hiyo, anamsikia mama yake mzazi akisema mbele ya watu kwamba mke wa mdogo wake ndiye anayejua kupanga nyumba. Nyumba! Katika mambo yote ambayo mama mkwe angeweza kukusifia, amechagua lile lile ambalo bintiye amelipoteza. Sidhani kama mama ana nia mbaya. Wazee wetu wengi husifia mmoja ili mwingine ajitahidi, ndivyo na wao walivyolelewa. Lakini sifa ya namna hiyo hugonganisha watu wawili ambao wangeweza kupatana.

Kwa maoni yangu, friji lile kubwa halikununuliwa kwa ajili yako. Lilinunuliwa mama alione. Hata Kiingereza cha mtoto kinazungumzwa kwa bibi, hakizungumzwi kwako. Siku mkikutana tena, mtoto akiambiwa aongee, usimwangalie mtoto. Mwangalie wifi, uone macho yake yanakwenda kwa nani baada ya lile neno la kwanza. Ukiyakuta yamekwenda kwa mama, utakuwa umejua ligi hii inachezwa kwa ajili ya nani, na kwa nini kochi lako haliwezi kuimaliza. Yeye anatafuta nafasi yake kwa mama, na nafasi hiyo hata ungebaki na mkeka sebuleni usingeweza kumpa.

Simtetei kwa lile la kipaza sauti. Kumwaibisha mtu mbele ya ukoo ni kosa, hata kama anayefanya hivyo anaumia, na nitakueleza la kufanya. Nimekupitisha kwanza kwenye sababu kwa kuwa ukiamini kwamba mtu anafanya yote kwa kukuchukia, utajibu kwa chuki, na majibu yako ndiyo yatakayosimuliwa msibani na harusini kwa miaka.

Kushindana kwenyewe si kugeni kwetu, wala hakukuletwa na simu. Watu wa pwani tumekuwa mabingwa wa kutambiana tangu zamani. Ngoma ya beni ilipoenea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, miji iligawanyika makundi: Mombasa Kingi na Scotchi, huku Tanganyika Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake na karamu za kuumbua upande wa pili. Wanawake wa ngoma ya lelemama nao walitoa mali nyingi ili kundi la wenzao lifunikwe. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilijaa mipasho, zile taarabu za vijembe, kikundi cha TOT kikiwa na Khadija Kopa na kile cha Muungano kikiwa na Nasma Khamis, na mashabiki walijua usiku gani nani amempasha nani. Ninachokipenda katika mashindano yale ni kwamba yalikuwa ya makundi, yalikuwa na siku yake na uwanja wake. Ukishindwa, mmeshindwa wengi, mnapanga ya mwakani, kesho mnakutana kisimani. Mashindano yenu nyie wawili yapo jikoni, shuleni kwa watoto, kwenye stetasi saa tano usiku, na hakuna siku inayotangazwa kwamba yamekwisha. Mwili na mfuko haviwezi kubeba hivyo.

Hapa naomba uniruhusu nikuguse kidogo wewe. Kuna bahati nasibu ya Uholanzi inayochezwa kwa namba za posta: mtaa ukitajwa, kila mwenye tiketi pale hushinda fedha, na wakati wa utafiti nitakaoutaja gari jipya la BMW lilitolewa pia. Wachumi walifuatilia majirani ambao hawakucheza, na katika utafiti uliochapishwa 2011 wakakuta kwamba waliokaa jirani na washindi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kununua gari kuliko watu wa mitaa mingine. Pengine hakuna hata aliyewatambia. Waliona tu gari limeegeshwa. Wewe pia ulinunua kochi bila wifi kukulazimisha, ukaweka picha, ukakaa kuchungulia kama ameshaiona. Usiku ule ulikuwa na watoto wawili, mume, vyombo vya biashara vya kuosha, na ukampa yeye muda wako wote bila yeye kujua. Sikulaumu, nakuonesha tu sehemu ambayo iko mikononi mwako kabisa, na huhitaji ruhusa ya mtu kuibadilisha. Nyamazisha stetasi zake kwenye WhatsApp, hatajua. Za kwako ziendelee kama ni za biashara ya chakula. Picha za vitu vya ndani ziache kwa muda. Na mipango ambayo haijakamilika, ya kiwanja, ya shule, ya biashara, ibaki kati yako na mumeo mpaka itimie. Akiuliza, mjibu kwa ufupi bila kumdanganya: "Bado tunajipanga wifi."

Kuna kitu kingine kuhusu watu wanaojionesha ambacho kitakuokoa na hasira nyingi. Mwaka 2015 watafiti Scopelliti, Loewenstein na Vosgerau walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba anayejisifu hukosea hesabu. Hudhani wasikilizaji watafurahi naye kuliko wanavyofurahi kweli, na hadhani kama watakerwa kiasi wanachokerwa. Ina maana wifi anaweza kutoka pale kwa mama akiamini amependeza watu, wakati nyuma yake watu wanasonya. Kwa hiyo vijembe havitamsaidia. Kanga yenye maneno makali, wimbo uliouchagua kwa ajili yake, fumbo la kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, vyote hivyo atavisoma kama dalili kwamba umeumia, yaani amekupata. Mtu wa namna hii huambiwa waziwazi, kwa upole, mkiwa wawili.

Mfuate mwenyewe. Asitumwe mumeo, asiambiwe mama. Nenda hata dukani kwake Kariakoo mchana wateja wakipungua, kwa sababu pale ni kwake, anajiamini, na hakuna ndugu wa kumtazama. Mwambie: "Wifi, siku ile kwenye sendofu, yale maneno ya zawadi za kubahatisha yaliniumiza, maana ndiyo nilikuwa nimetoka kukabidhi. Ukiwa na neno na mimi, niambie tukiwa wawili kama hivi. Mbele za watu naomba usinifanyie tena." Halafu nyamaza. Usiongeze habari ya friji, ya shule, wala ya Kiingereza, hata kama zinakuwasha ulimi. Pengine atasema alikuwa anatania. Mjibu: "Sawa wifi, lakini iliniuma," kisha badilisha mazungumzo, muulize biashara. Usimdai aombe radhi papo hapo. Wengi huomba kwa vitendo, wiki kadhaa baadaye, kwa kukuletea kitu au kukupigia simu ambayo haina sababu.

Akirudia mbele za watu, hapo tafuta mtu mmoja tu ambaye nyote mnamheshimu, shangazi au mjomba upande wa mumeo, akae nanyi. Mmoja. Ukienda kwa watano, utakuwa umefungua kesi.

Siku za kawaida akianza kujisifu, mpe pongezi moja ya kweli kisha muulize habari zake yeye mwenyewe. "Hongera wifi, friji zuri. Na mgongo wako umepona?" Usikishushe kitu chake thamani, wala usitaje cha kwako. Anayejigamba huongeza sauti akikutana na ukimya wa dharau, na huongeza pia akikutana na mshindani. Akikutana na mtu anayemwona yeye mwenyewe, mara nyingi hutulia, ingawa si mara ya kwanza. Na usimsifie uongo, atautambua. Una ya kweli ya kumsifia: analea peke yake, anaamka alfajiri kuwahi mzigo, anajua kitenge kipi kinachuja na kipi hakichuji. Mwombe akuchagulie kitenge siku moja, na umlipe bei yake. Mama mkwe akianza tena sifa zake za kupanga nyumba, pokea kwa adabu kisha useme jambo zuri la wifi unalolijua kwa hakika, mama alisikie. Ukifanya hivyo mara chache utakuwa umempa kile ambacho friji limeshindwa kumpa.

Usikubali pia kumwita mgonjwa. Siku hizi watu wanapeana majina ya maradhi ya akili kutokana na video za mitandaoni. Kujigamba hakutoshi kuwa ugonjwa, na anayeweza kusema vinginevyo ni mtaalamu aliyekaa na mtu huyo ana kwa ana. Kuna hata wanaojionesha kwa furaha tupu, mtu amepata choo cha ndani kwa mara ya kwanza maishani na anataka kila mgeni akione. Huyo mwache afurahi, furahi naye.

Linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni watoto. Watu wazima wawili wakishindana kwa makochi, hasara ni fedha. Wakishindana kwa watoto, watoto hujifunza kwamba binamu ni adui. Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na mimi nilifurahi, kwa sababu ile orodha ilikuwa inaliza nyumba nyingi. Na nyie futeni ya kwenu. Shule ya wanao ichague kwa ada mnayoweza kulipa muhula wa tatu kama mlivyolipa wa kwanza, kwa umbali, na kwa jinsi mwalimu anavyomjibu mtoto akikosea. Kama shule ya sasa mmeichagua kwa sababu ya wifi na ada inawakaba, kuhama mwisho wa mwaka si aibu. Na yule mtoto wa wifi anapoongea Kiingereza, mshangilie kwa moyo wote. Ni mwanao yule, hakuomba kuwekwa katikati.

Kuhusu Desemba, usisubiri wiki ya harusi. Piga hesabu na mumeo, mkubaliane kiwango kimoja cha mchango, sare na zawadi kwa jumla, baada ya kutoa marejesho ya mkopo. Kisha mtafute mwenyekiti wa kamati mapema, umuulize kitambaa peke yake ni kiasi gani. Mara nyingi kinachopandisha sare ni mshono na mapambo, na fundi wa mtaani kwako anaweza kukushonea vizuri kwa bei ndogo. Kama hata kitambaa hakiingii kwenye kiwango chenu, mwambie: "Sare sitaiweza safari hii, ila nitakuwepo, na chai ya familia asubuhi ya harusi nitaisimamia mimi." Wewe ni mama lishe. Chapati na maandazi ya watu sitini alfajiri ni kazi ambayo kamati nzima itashukuru kuona imepata mwenyewe, na hakuna duka linaloiuza siku hiyo. Ila unga, sukari na mafuta vitoke kwenye mfuko wa kamati, uandikiane nao kabla.

Wifi atakuja siku hiyo amevaa cha bei kubwa kuliko wote, jiandae hivyo. Akiwa amependeza, mwambie amependeza, umkaribishe chai, kisha urudi jikoni uangalie kama maziwa yametosha.